Mkojo ulikuwa rangi ya kahawa na sisi tukakaa kimya

Ilikuwa kama saa tisa usiku, wiki ya sita ya mafunzo ya jeshi, jamaa yangu wa kitanda cha chini akaniamsha kwa kunivuta mguu akaniambia twende chooni kuna kitu nataka ukione. Nikamfuata. Alikuwa anatembea kama mzee wa miaka themanini, mkono ukutani, hatua fupi fupi, magoti hayakunji. Tulikuwa na katochi kadogo ka betri tulikokaficha ndani ya soksi, akamulika chupa ya plastiki aliyoishika, ndani kulikuwa na mkojo wake. Sijawahi kuona mkojo wa vile maishani. Haukuwa wa njano na haukuwa wa damu, ulikuwa wa kahawia umekoza kabisa kama ile kahawa chungu ya kwenye vikombe vidogo vya kijiweni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ni nini mwanangu?" Mi nikamwambia labda hujanywa maji ya kutosha, kunywa maji ulale.

Nimekaa na hilo jibu langu miaka mingi sasa. Kambi siitaji, afande simtaji, jamaa simtaji jina, na haya ninayoandika sio ya kulikashifu jeshi maana mi mwenyewe nililipenda na mpaka leo nikiona gwaride linapita nasimama. Nataka tu niseme kitu ambacho waliopitia wanakijua ila hatukisemi, kwamba kiongozi mwenye sumu kwenye mafunzo kitu cha kwanza anachokifundisha ni kuficha. Unajifunza kuficha maumivu, kuficha homa, kuficha hofu, alafu baada ya muda unaficha hata ya mwenzako, na juu huko wakubwa wanaangalia wanaona kila kitu kiko shwari.

Turudi siku moja nyuma ya ule usiku. Tulikuwa kwenye kwata, jua la saa saba, mtu mmoja akakosea kugeuka nyuma, koplo wetu akasimamisha kombania nzima akasema leo mtapiga doso mpaka huyu ndugu yenu ajue kushoto na kulia. Kuchuchumaa na kusimama, mikono kichwani. Alikuwa anahesabu yeye, akiona mmoja hajashuka mpaka chini anaanza upya toka moja. Tulifika mia na kitu akarudi moja, tukafika themanini akarudi moja, mimi kwa hesabu yangu niliacha kuhesabu baada ya mia nne. Maji marufuku. Tulipomaliza tukaambiwa kichura mpaka jikoni. Jamaa yangu hakulalamika hata mara moja, alikuwa mmoja wa wenye nguvu zaidi pale, mtoto wa wavuvi, mabega mapana, na nadhani hiyo ndiyo iliyomponza maana dhaifu walidondoka mapema wakaachwa wamelala kwenye vumbi, yeye akaendelea mpaka mwisho.

Sasa mtu atauliza kwa nini asubuhi asiende zahanati ya kambi. Swali zuri, na jibu lake ndio sababu ya makala hii yote.

Wiki mbili kabla, kuruta mmoja alienda zahanati mguu umevimba, tabibu akampa karatasi ya kupumzishwa, sisi tulikuwa tunaita ED. Akaja nayo foleni asubuhi, akampa koplo kwa heshima zote, mkono wa kulia, "Afande, nimepewa ED siku tatu afande." Koplo akaisoma kwa sauti ili wote tusikie, taratibu, neno kwa neno. Akaichana vipande vinne. Alafu akamwambia fungua mdomo, akaviweka vile vipande mdomoni mwa yule kijana akamwambia hiyo ndio dawa yako, tafuna, meza. Yule kijana akatafuna. Mi nilikuwa mstari wa pili, niliona koo lake likipanda na kushuka mara mbili mpaka karatasi ikapita. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyesema kitu. Akaambiwa jiunge na wenzako, mchakamchaka ukaanza, akakimbia na mguu wake ule.

Foleni ya wagonjwa asubuhi ilikuwa kawaida watu kumi na mbili, kumi na tano hivi. Kesho yake walikuwa wawili. Keshokutwa hakuna. Na hapa ndipo naomba msomaji asome polepole, kwa sababu wiki ile ile mkuu wa kombania alikuja kukagua, akaangalia daftari la wagonjwa akakuta sifuri, akampongeza koplo mbele yetu kwamba vijana wake wamekomaa. Sisi tumesimama pale wengine na homa, wengine na miguu iliyopasuka, tunaitikia "Ndio afande!" kwa nguvu. Daftari lilikuwa linasema ukweli kwamba hakuna aliyeenda zahanati, na lilikuwa linadanganya kwamba hakuna mgonjwa, na sidhani kama yule mkuu alikuwa mtu mbaya, alikuwa tu anasoma daftari.

Kwahiyo usiku ule mwenzangu ananionyesha chupa, wote wawili tulikuwa tunaona karatasi inatafunwa. Hatukuitaja. Alimwaga ule mkojo akasuuza chupa tukarudi kulala.

Nilikuja kujua baadaye sana, kwa daktari, ule mkojo ulikuwa na maana gani. Misuli ikilazimishwa kufanya kazi kupita uwezo wake, hasa kwenye joto na mwili hauna maji, seli za misuli zinapasuka zinamwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu, kuna protini inaitwa mayoglobini hiyo ndiyo inayoupa mkojo ile rangi ya kahawa, na hiyo hiyo inaenda kuziba na kuumiza figo. Wanaita rabdomayolisisi. Majeshi mengi duniani yanaijua vizuri, ni moja ya hatari kubwa za makuruta pamoja na kiharusi cha joto, yaani mwili kupata joto kupita kiasi, na ikiwahiwa kwa maji ya dripu ya kutosha wengi wanapona bila shida. Ikiwahiwa. Jamaa yangu hakuwahiwa, alikimbia mchakamchaka asubuhi ile na asubuhi iliyofuata, siku ya pili akadondoka akiwa anatapika, mwili umevimba, wakampakia kwenye gari kwenda hospitali. Hatukumuona tena kambini. Tulipouliza tukaambiwa ameshindwa mafunzo, na kuna mmoja akasema kwamba alikuwa mtegaji toka mwanzo. Mtegaji! Yule kijana hajawahi kutega hata siku moja.

Nilipoanza kusoma kuhusu haya mambo, na nimesoma sana kwa sababu nilikuwa natafuta kujielewa mwenyewe, nilikutana na sehemu moja inaitwa Parris Island, South Carolina, Marekani, moja ya kambi wanapofunzwa makuruta wa Marine, kikosi cha Marekani kinachopigana majini na nchi kavu. Usiku wa Jumapili tarehe 8 Aprili 1956 mkufunzi mmoja anaitwa Matthew McKeon aliona platuni yake, namba 71, haina nidhamu, akaamua kuwatembeza kwenye vinamasi usiku ili wajifunze. Vijana zaidi ya 70. Siku ile alikuwa amekunywa pombe. Akawaingiza kwenye mto unaopanda na kushuka na bahari, unaitwa Ribbon Creek, matope chini, maji ya baridi, giza. Yeye mwenyewe alitangulia mbele. Ndani ya ile platuni kulikuwa na vijana wasiojua kuogelea na yeye alikuwa anajua hilo, na wao pia wakaingia, kwa sababu afande kasema twende. Walipofika penye kina wakaanza kushikana na kuvutana, na vijana sita wakafa maji.

Kinachoniuma kwenye stori hii sio kwamba McKeon alikuwa shetani. Hakuwa, nikisoma naona mtu aliyeamini kwa dhati kwamba anawajenga. Kwenye mahakama ya kijeshi wakili wake alionyesha kwamba kuwaingiza makuruta kwenye vinamasi sio kitu alichokibuni yeye, wakufunzi wengine pia walifanya, na majenerali wakaja kutoa ushahidi upande wake. Hakupatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, alipatikana na hatia ya kuua kwa uzembe na ya kunywa pombe kazini, akahukumiwa miezi tisa ya kazi ngumu na kufukuzwa jeshi, alafu waziri wa jeshi la majini akapunguza ikawa miezi mitatu na kufukuzwa kukafutwa, akabaki jeshini kama askari wa cheo cha chini kabisa. Baada ya pale wakabadilisha mambo mengi, usimamizi wa wakufunzi ukaongezwa, maofisa wakawekwa karibu zaidi na makuruta. Ungedhani imeisha.

Miaka 60 baadaye, Machi 2016, Parris Island ile ile. Kijana wa miaka 20, Raheel Siddiqui, Mmarekani mwenye asili ya Pakistani, Muislamu, kutoka Taylor, Michigan. Alikuwa na siku kumi na moja tu kambini. Asubuhi ile koo lilikuwa linamuuma kiasi cha kushindwa kutoa sauti, akaandika kwenye karatasi kuomba aonwe na daktari. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje nikakaa kwanza. Karatasi tena. Mkufunzi wake, Joseph Felix, badala ya kumpeleka akamkimbiza kwenda na kurudi ndani ya bweni kwa sababu hakuitikia salamu kwa sauti, kijana akadondoka chini akilia ameshika koo, mkufunzi akampiga kofi, kijana akainuka akakimbia kutokea mlango wa nyuma, akaruka ngazi za ghorofa ya tatu akaanguka. Ilitamkwa kwamba alijiua, familia yake haikukubali neno hilo na mi sina neno la kuwaambia.

Na hiyo sio yote. Kabla ya hapo, mwaka 2015, Felix alikuwa tayari anachunguzwa kwa kumweka kuruta mwingine Muislamu ndani ya mashine kubwa ya kukaushia nguo na kuiwasha. Anachunguzwa, na bado akapewa platuni nyingine. Novemba 2017 mahakama ya kijeshi ilimfunga miaka 10 kwa kuwatesa makuruta zaidi ya kumi, na mwaka uliofuata kamanda wa batalioni yake, luteni kanali aliyemruhusu aendelee kufundisha, naye akakiri makosa. Hapo angalau mtu wa juu aliguswa, maana mara nyingi tunamalizia hasira kwa koplo wakati koplo ana mtu aliyemuachia.

Kuna kanali mstaafu wa Marekani anaitwa George Reed, mwaka 2004 akiwa mwalimu kwenye chuo cha kivita cha jeshi lao aliandika makala kuhusu viongozi wenye sumu, na ilinisaidia sana kwa sababu wengi tunachanganya ukali na sumu. Anasema sio kelele. Mtu anaweza kuwa mkali, sauti juu, anadai kazi, na asiwe na sumu hata kidogo, na mwingine anaongea kwa upole kabisa ni sumu tupu. Yeye anaangalia vitu vitatu kwa pamoja: kiongozi hajali hali ya walio chini yake, tabia yake inaharibu hewa ya kikosi kizima, na walio chini wanaamini kabisa anafanya yote kwa ajili yake mwenyewe. Hicho cha tatu ndio kilichonigonga. Sisi tulijua koplo anataka lile daftari liwe sifuri kwa sababu yake, sio yetu.

Na kifo hakiji lazima siku ile ile. Mwaka 2010 kule Iraq jeshi la Marekani lilimpa mwanaanthropolojia mmoja, Dave Matsuda, kazi ya kutafuta kwa nini karibu askari 30 walikuwa wamejiua au kujaribu kujiua ndani ya mwaka. Kila mtu alitegemea jibu liwe ndoa, madeni, matatizo ya nyumbani. Akakuta kweli hayo yapo, lakini akakuta pia walikuwa na viongozi waliofanya maisha yao kuwa jehanamu, yaani mtu tayari amebeba mzigo alafu bosi wake anaongeza jiwe kila siku. Miaka miwili baadaye jeshi lile likaandika neno la uongozi wenye sumu ndani ya mwongozo wake rasmi. Angalau wao walilipa jina. Sisi huku tunaita kukomaa.

Maana hoja ya samaki mkunje angali mbichi lazima itakuja, na mi sipingani na methali. Jeshi lazima likunje. Askari atakayekimbia risasi ya kwanza hafai, mafunzo lazima yaume, na mtu aliyezoea usingizi wa nyumbani lazima aamshwe saa kumi alfajiri akimbie kwenye baridi. Ila ngoja niwaambie kilichotokea baada ya jamaa yangu kuondoka, kwa sababu niliona kukunja kwa aina nyingine kwa macho yangu.

Kombania yetu ilihamishiwa kwa sajenti mmoja mwanamke, mama wa makamo, mfupi, sauti kama ya king'ora. Tulidhani tumepona, tukakuta doso zake ni nzito kuliko za koplo, kutembea usiku na mizigo kilomita ambazo hatujawahi, ukichelewa foleni dakika moja unachimba shimo unalifukia. Lakini kila jioni kabla ya kulala alipita hanga zima, yaani bweni letu, "Wanangu, vueni buti, vueni soksi," tunakaa ukingoni mwa vitanda miguu mbele, anapita na tochi anaangalia mguu mmoja mmoja, katikati ya vidole, kisigino, anabonyeza mfupa wa ugoko kwa kidole gumba anaangalia uso wako. Ukikunja sura tu anakuandika, kesho asubuhi zahanati, sio ombi. Na asubuhi foleni swali lake la kwanza kila siku lilikuwa hilo hilo, "Nani amekojoa rangi nyeusi? Nani hajakojoa toka jana? Mikono juu, hakuna aibu hapa."

Siku ya kwanza kusikia lile swali nilihisi mtu amenipiga ngumi ya tumbo. Swali la sekunde tano. Wiki mbili mapema, jamaa yangu angenyoosha mkono.

Wagonjwa kwenye daftari walipanda mpaka zaidi ya ishirini, baada ya wiki tatu wakashuka wakawa wachache kwa sababu walikuwa wametibiwa kweli. Kwenye matembezi ya mwisho hakudondoka mtu. Na tulimuogopa yule mama jamani, tulimuogopa kuliko koplo, tofauti ni kwamba tulikuwa tunaogopa kumuangusha.

Sasa sehemu ninayoona aibu kuiandika. Kabla ya sajenti kuja, mi nilikuwa mkuu wa hanga, koplo ndiye aliyenichagua. Kulikuwa na kijana mmoja miaka kumi na nane, mpole, anachelewa kuamka. Usiku mmoja nilimtoa nikamsimamisha kwa vidole vya miguu ameshika ndoo ya maji mikono imenyooka, nikamwambia "Hapa sio kwa mama yako, raia wewe." Hayo maneno sio yangu, ni ya koplo, na sauti niliyotumia ilikuwa ya koplo, mpaka ule mkao wa kuweka mikono nyuma. Mikono yake ilianza kutetemeka maji yakawa yanamwagika kwenye miguu yake na mi nikasikia raha. Naandika neno hilo nikijua maana yake. Hakuna aliyeniamuru. Wiki sita tu zilitosha kunifikisha pale, na nikijiuliza koplo mwenyewe alimeza karatasi gani siku zake, na aliyemlisha alilishwa na nani, naona mnyororo unarudi nyuma mpaka siuoni mwisho wake.

Baada ya mafunzo nikarudi nyumbani, mdogo wangu akamwaga chai kwenye daftari lake, nikamkemea. Mama akatoka jikoni akasimama mlangoni akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, hiyo sauti umeitoa wapi?" Sikumjibu. Yule kijana wa ndoo nilimtafuta miaka mingi baadaye nikamuomba radhi, akasema ameshasahau, ila alisema haraka mno.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia jamaa yangu wa chupa, nikamuuliza kama naruhusiwa. Yuko hai, ana duka la spea za pikipiki na watoto wawili, figo hazifanyi kazi vizuri, anahudhuria kliniki, chumvi amekatazwa. Akanyamaza kidogo kwenye simu, nikasikia pikipiki zinapita nyuma yake. Akasema andika, jina tu usiweke, kwa sababu baba yake mpaka leo anajua alirudishwa kwa malaria.

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kumwambia mzee. Akasema, "Ningemwambiaje? Na yeye alipita huko huko."